Kuandaa tamasha la mvinyo kwenye nyumba ya wageni Dodoma: mwongozo kamili, kuanzia shambani hadi malipo ya mwisho

Mzee mmoja wa Mpunguzi alikaa kwenye baraza yetu, akapokea glasi ya mvinyo mwekundu mkavu, akainusa, akanywa funda moja, kisha akaishusha mezani taratibu. "Kumbe ndiyo zabibu yangu hii?" Amelima zabibu zaidi ya miaka ishirini. Kazi yake siku zote ilikuwa kujaza kreti, kupandisha kwenye gari na kusubiri kulipwa. Hakuna aliyewahi kumrudishia hata chupa moja aonje jasho lake.

Tangu siku hiyo tamasha tunaloliandaa kwenye nyumba ya wageni ya familia, nje kidogo ya Jiji upande wa barabara ya Iringa, tumelipanga upya na kumweka mkulima katikati. Kama una nyumba ya wageni, lodge ndogo au hata uwanja wenye miti na choo kizuri maeneo ya Hombolo, Veyula, Bihawana, Matumbulu, Mvumi au Chinangali, unaweza kufanya hivyo hivyo. Hapa nimeandika hatua zote tunazofuata, pamoja na mahali tulipokosea. Hesabu zangu ni za wageni 150. Kwa mara ya kwanza usizidi hapo, na kama vyumba vyako havifiki kumi, anza na 80.

Tarehe: kamuulize mkulima kwanza

Huko Ulaya mizabibu hulala wakati wa baridi na kuamka yenyewe. Ya kwetu hailali. Mkulima ndiye anayeiamsha kwa mkasi: akipogoa leo, baada ya miezi minne hivi, kutegemea aina, anavuna. Ndiyo maana Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, mavuno ya kwanza yakiangukia Februari na Machi, ya pili Agosti na Septemba.

Mimi nachagua ya pili, na sababu ni mvua. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba au mwishoni mwa Novemba hadi Aprili. Milimita 500 au 600 kwa mwaka si nyingi, lakini zikishuka siku ya shughuli zinatosha kuifanya njia ya shambani isipitike kwa gari dogo. Agosti anga ni safi. Taabu yake ni upepo na vumbi la mchana, kisha ubaridi jua likizama, kwa kuwa mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Wageni wa Dar huja na fulana nyepesi tu. Waambie mapema wabebe sweta.

Angalia pia mambo mawili ambayo wageni katika mji huu husahau. Kwanza, maonyesho ya wakulima ya Nane Nane. Kanda ya Kati hukutana Nzuguni siku nane za mwanzo wa Agosti, na wakulima pamoja na wasindikaji unaowataka wote wako huko. Pili, vikao vya Bunge. Bunge likikaa, vyumba mjini hujaa na bei hupanda, kwa hiyo wageni wako watakosa pa kulala ukizidiwa. Kati ya hayo mawili kuna Jumamosi ya tatu au ya nne ya Agosti, na hiyo ndiyo yetu.

Lakini usiitangaze kabla hujaenda shambani. Mwezi wa Aprili nenda kwa mkulima wako, muulize atapogoa lini, hesabu miezi minne, ndipo uandike tarehe. Mwaka wetu wa kwanza tuliitangaza tarehe kabla ya kuuliza. Wageni walifika shambani wakakuta majani matupu, vichala vilishakatwa siku kumi kabla. Watu walikuwa wametoka Dar kuja kuona zabibu kwenye mti.

Wakulima na wasindikaji

Anza na wakulima watatu au wanne, wasindikaji watano au sita. Usichanganye kazi zao. Mkulima anakuja na zabibu za kula, na shamba lake likiwa karibu, wageni wanalitembelea. Msindikaji anakuja na chupa. Wako pia wanaokamua na kuuza mchuzi wa zabibu, yaani maji ya zabibu yanayotengenezewa mvinyo, kwa jumla kwa viwanda. Watu hawa wana maarifa mengi na hawaalikwi popote. Waalike waje waeleze, hata kama hawana chupa yenye lebo ya kuuza.

Kaa na kila mmoja mkubaliane mambo haya kwa maandishi: atapewa meza ya ukubwa gani, ataleta chupa ngapi, nani atalipia chupa za kuonja, na zitakazobaki zitarudi kwa nani. Sisi chupa za kuonja tunazinunua wenyewe kwa bei ya jumla, tunalipa nusu kabla. Msindikaji mdogo akiambiwa achangie chupa kumi na mbili bure "kwa ajili ya kujitangaza", umemwondolea faida ya mwezi mzima. Mkulima anayefungua shamba lake naye alipwe. Wageni arobaini wakipita katikati ya mistari ya mizabibu wanakanyaga, wanachuma, wanavunja vikonyo. Hayo yana bei.

Ukienda kuzungumza na wazee, nenda mwenyewe. Usitume ujumbe wa simu. Salamu ya Kigogo, mbukwenyi, ukiitamka vizuri, halafu shikamoo kwa aliyekuzidi, halafu ukakaa, mazungumzo yatafika mahali ambapo karatasi ya mkataba haifiki.

Ukitaka mtu wa kueleza aina za zabibu kwa undani, kituo cha utafiti cha TARI Makutupora ndicho chenye kazi hiyo nchini. Andika barua ya kuomba mtaalamu mwezi mmoja na nusu kabla.

Vibali

Hapa sitakaa sana, ila usiruke hata kimoja. Anza na mwenyekiti wa mtaa au kijiji, kisha nenda halmashauri. Kama nyumba yako ina leseni ya vileo, uliza kama inatosha kwa mauzo ya nje ya baa siku hiyo. Polisi wapewe taarifa ya mkusanyiko. Kama kuna muziki wa jukwaani, ulizia mapema kibali cha burudani. Kila chupa itakayouzwa iwe na alama ya TBS na stempu ya TRA, na kila mauzo yatoke na risiti ya mashine. Mvinyo wa ndoo au wa chupa za maji zilizotumika usiruhusu uingie, hata aulete nani. Walio chini ya miaka 18 hawaonji. Andika hivyo kwenye tiketi na uweke mtu mlangoni wa kusimamia.

Hesabu ya vinywaji

Chupa moja ni mililita 750. Kipimo cha kuonja ni mililita 50, kwa hiyo chupa inatoa vipimo 15. Mgeni mmoja anapewa vipimo sita, yaani mililita 300. Wageni 150 ni lita 45, sawasawa na chupa 60. Ongeza kumi za dharura. Hizo ni za kuonja tu. Chupa za kuuza ni hesabu nyingine, na hiyo mwachie msindikaji mwenyewe.

Vipimo sita si vichache. Mvinyo mwingi una kilevi cha asilimia 12 hadi 14, na mililita 300 kwa mtu aliyetoka juani bila kula zinalewesha. Nenda dukani ukanunue vikombe vidogo vya kupimia, au chora alama kwenye glasi moja uwafundishe wamiminaji wote kwa maji siku moja kabla. Mimi nawafundisha mwenyewe. Kijana akimimina "kwa moyo", kufikia saa tisa alasiri tamasha limeharibika.

Weka ndoo ya kutemea kwenye kila meza, na uieleze mapema bila aibu. Watu wetu wanaona kutema kinywaji ni dharau. Mshereheshaji aseme mwanzoni kabisa kuwa wataalamu duniani kote wanatema, na kwamba hakuna mwenye meza atakayekasirika.

Maji ya kunywa: lita moja na nusu kwa mtu, jumla lita 225, na yawe bure. Maji ya kuoshea glasi na mikono ni mengine. Simtanki la lita 1,000 lijae tangu Alhamisi, kwa sababu Jumamosi maji yakikatika hakuna wa kumpigia simu.

Glasi, barafu na kivuli

Kodi glasi za kweli. Kikombe cha plastiki kinaua harufu yote, na harufu ndiyo nusu ya mvinyo. Kila mgeni apewe glasi moja mlangoni, aisuuze mwenyewe kati ya meza na meza, airudishe akitoka. Wakodishaji wa vyombo vya harusi mjini wanazo. Lipia 170, maana zitavunjika.

Joto ndilo adui mkubwa kuliko yote. Mwekundu unapendeza kwenye nyuzi 16 hadi 18, mweupe kwenye 8 hadi 12, nao mtamu baridi zaidi kidogo. Mchana wa Agosti kwetu unafika nyuzi 27 au 28 kivulini, na chini ya bati ni zaidi. Mwaka mmoja niliacha kreti mbili za mvinyo mweupe kwenye stoo ya bati tangu asubuhi. Saa nane tulipozifungua, ule mweupe uliokuwa na harufu ya limau na nyasi mbichi ulikuwa umegeuka kama juisi iliyochemshwa. Kule kupozwa baadaye hakukusaidia, kilichokwisha kuungua hakirudi. Mama aliyeutengeneza alikuwa amesimama pembeni yangu. Hakusema neno.

Sasa tunafanya hivi. Chupa zote zinalala usiku kwenye chumba cha ndani chenye sakafu ya saruji, madirisha yakiwa wazi kupitisha ubaridi, na saa kumi na mbili asubuhi tunayafunga na kushusha mapazia. Zinatoka sita sita tu. Mweupe unaingia kwenye deli lenye nusu barafu, nusu maji na konzi mbili za chumvi, na kwa dakika kumi na tano hadi ishirini unakuwa umepoa vizuri. Barafu tupu bila maji haishiki chupa yote, inachelewa mno. Mwekundu nao upitishe kwenye maji ya baridi dakika kumi. Watu wanafikiri mwekundu hunywewa wa joto la chumba, lakini joto la chumba cha Dodoma mchana si lile lililokusudiwa.

Maturubai yafungwe kwa kamba na vigingi virefu, upande wa upepo uzibwe. Meza zikae chini ya mti mkubwa kama unao. Mbuyu ni mzuri kwa picha, ila Agosti hauna majani wala kivuli. Mkwaju una faida zaidi.

Siku yenyewe

Saa moja asubuhi, shambani. Hiki ndicho kiini cha tamasha, na ndicho wengi wanakipunguza. Zabibu huvunwa mapema kabla jua halijapasha vichala, kwa hiyo wageni wanaotaka kushiriki wawe wameamka. Wagawe makundi ya watu kumi kumi, kila kundi na mwana familia mmoja wa mkulima. Viatu vya kufunika miguu ni lazima.

Mwache mkulima aongee, wewe nyamaza. Yule mzee wetu wa Mpunguzi huchuma punje moja, akaiminya kati ya kidole gumba na cha shahada, akawaonyesha wageni mbegu kwenye kiganja. Ikiwa bado ya kijani, anasema, "hii bado mtoto." Ikiwa ya kahawia na inavunjika chini ya jino, imeiva. Kisha anawapa ngozi peke yake watafune, wahisi ukakasi unaobana ulimi, na anawaambia huo ndio watakaokutana nao mchana kwenye mwekundu mkavu. Hakuna semina inayofundisha kwa ufupi namna hiyo. Kila mgeni akate kichala kimoja kwa mkasi, akipime kwenye mzani wa mkulima, akilipie. Ndege wanavyoshambulia shamba, bei ya dawa, safari ya kutafuta mnunuzi kabla zabibu hazijaoza, yote hayo yatajitokeza yenyewe kwenye maswali.

Saa tatu hadi nne na nusu, chai nzito, wengine wakiendelea kuwasili. Wanaotoka Dar kwa treni ya SGR, ambayo imekuwa ikifika Dodoma tangu 2024, wanatumia saa tatu na nusu hadi nne njiani. Wakipanda ya alfajiri wanakuwa kwako kabla ya chakula. Panga kosta moja ya kuwachukua stesheni na kuwarudisha. Mwambie kila mmoja akate tiketi ya kurudi siku ile ile anapokata ya kuja.

Saa tano, ufunguzi mfupi. Kama kuna kiongozi, aongee dakika tano na azungumze kabla watu hawajashika glasi. Wa kwanza kutambulishwa ni wakulima, kwa kijiji na kwa idadi ya miaka waliyolima. Mshereheshaji aeleze kuwa zabibu zililetwa huku na wamisionari wa Kikatoliki waliohitaji mvinyo wa altareni, na kwamba Bihawana ni miongoni mwa sehemu za mwanzo. Wageni wengi hawajui kuwa mizizi ya kilimo hiki iko kanisani.

Kuonja kuanze saa sita, baada ya watu kutia kitu tumboni. Mpangilio ni huu: mweupe mkavu kwanza (Chenin Blanc ndiyo iliyozoeleka kwetu), halafu wa rangi ya waridi kama upo, halafu mwekundu mwepesi, mwekundu mkavu wenye ukakasi, na mtamu mwishoni. Ukianza na mtamu, mikavu yote itaonekana michungu. Hapa utapata upinzani. Watanzania wengi wameujua mvinyo wa Dodoma kupitia ule mtamu, Dompo na wenzake, na mtu anafika meza ya kwanza akiuliza "switi iko wapi?" Usimdharau. Mwambie ipo, inamsubiri mwisho, na mwombe aonje mwekundu mkavu wa zabibu ya Makutupora Red pamoja na kipande cha mbuzi chenye mafuta. Ukakasi ukikutana na mafuta unalainika mdomoni. Nimeona watu wakinyamaza kidogo, kisha wakaomba tena.

Kwa wasiokunywa kilevi weka meza kamili ya juisi ya zabibu, yenye glasi nzuri zile zile. Ndugu zetu Waislamu, walokole, wajawazito na madereva wasisukumwe kwenye kona ya soda.

Chakula

Mbuzi wa kienyeji akichinjwa hutoa kilo 10 hadi 12 za nyama na mifupa. Kwa gramu 300 kila mtu unahitaji kilo 45, hivyo mbuzi wanne, na wa tano awe akiba. Sisi tunawanunua kwenye mnada wa Msalato Jumamosi iliyotangulia, wapumzike nyumbani wiki nzima. Achinje mtu ambaye kila mgeni ataridhika naye, na jiko la nyama likae mbali na meza za mvinyo, kwanza kwa heshima, pili kwa sababu moshi unafunika harufu ya glasi.

Perege wa Mtera akikaangwa kikavu na kukamuliwa ndimu anakwenda vizuri sana na mweupe baridi. Ugali wa uwele na mlenda usiache. Wageni watakula zaidi kuliko unavyotarajia, na akina mama wa jirani ndio wapike, walipwe kama wapishi wa hoteli. Karanga za kukaanga ziwe kila meza. Pilipili iwe pembeni, anayetaka ajiwekee, kwa kuwa pilipili na kilevi vikikutana ulimi unawaka na mvinyo wote unakuwa mkali.

Muziki

Spika kubwa usikodi. Mkulima hawezi kueleza zabibu yake huku akipiga kelele. Alika kikundi cha ngoma cha kijiji jirani, wenye zeze, ilimba na ngoma za muheme zinazopigwa na akina mama, wacheze saa tisa hadi kumi na moja jua linapopoa. Chamwino peke yake ina vikundi vizuri, na nchi hii ya Ugogo ndiyo iliyomtoa mwanamuziki Hukwe Zawose. Walipe kabla hawajapanda kwenye gari la kurudi.

Kufunga na kurudisha watu

Saa kumi kasoro robo kuonja kunasimama. Mauzo ya chupa yanaendelea hadi saa kumi na moja na nusu, na hapo ndipo fedha zinapopatikana, kwa hiyo uwe na lipa namba kwenye kila meza na maboksi imara ya kubebea chupa sita. Aliyekuja na gari lake na ameonja, ufunguo ubaki mapokezi. Alale, au apande kosta. Tunaandika hili kwenye tiketi na hatujadiliani mlangoni. Bodaboda za kijijini zizuiwe kupakia abiria aliyelewa, na ongea na viongozi wa kijiwe chao siku mbili kabla.

Jumapili hesabu glasi, chupa tupu na vizibo. Makapi ya zabibu na mabaki ya jikoni yaende kwa mfugaji. Jumatatu asubuhi, kabla mkulima hajaenda shambani, mpelekee fedha zilizobaki pamoja na orodha ya kilo alizouza na chupa mbili za mvinyo uliotokana na eneo lake. Orodha iwe ya maandishi, aweze kumwonyesha mnunuzi mwingine. Kisha muulize mavuno haya yakiisha atapogoa tena lini, na mwakani Aprili anatarajia kushika mkasi wiki ya ngapi. Andika jibu lake nyuma ya kalenda ya mapokezi.